Anayepima Masikio Yako Anawajibika kwa Nani?
Mwongozo kwa mtumiaji wa huduma za usikivu

Mtu akinunua redio na redio hiyo isitoe sauti, atairudisha dukani kesho yake, na muuzaji mwenye busara ataibadilisha bila maneno mengi. Mtu huyo huyo akinunua kifaa cha usikivu, ambacho wengi wetu hukiita shimesikio, na asisikie vizuri, aghalabu hukiweka kabatini na kujilaumu mwenyewe. Husema umri umekwenda, au masikio yake yamechoka mno, au kifaa kile hakikuumbwa kwa ajili ya watu kama yeye. Katika uwanja huu, walaji wanaotutia wasiwasi zaidi ni wale wasiolalamika kamwe, kwa sababu hawajui kwamba walistahili kupata zaidi ya walichopata.

Tunaandika makala hii kwa ajili yao, na kwa ajili ya watoto na wajukuu wanaowasindikiza wazee wao kwenye kliniki. Tutaeleza huduma nzuri ya usikivu inavyopaswa kuwa, kisha tutageukia jambo ambalo vipeperushi vya matangazo havilitaji: uongozi wa kitaaluma. Kwa maneno mepesi, ni suala la kujua ni nani hasa, kwa jina na kwa cheti, anayejibu iwapo kipimo kilikosewa au ushauri ulitolewa kwa tamaa ya mauzo.

Kusikia bila kuelewa

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kwamba watu wapatao milioni 430 kati yao wanahitaji huduma ya kitaalamu. Wengi wa hao milioni 430 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kati ya watu ambao wangeweza kunufaika na kifaa cha usikivu, wanaokitumia ni takriban asilimia 17 tu.

Upungufu wa kusikia haufanani na kupunguza sauti ya redio. Kwa watu wengi, hasa wazee na waliofanya kazi kwa miaka mingi penye kelele za mashine, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, ilhali sauti nzito hubaki. Katika lugha yetu irabu huwa nzito na zenye nguvu. Konsonanti kama f, s, sh na t ni nyembamba na hafifu. Hivyo mzee huyasikia maneno fika, shika, pika na zika kana kwamba ni neno moja. Irabu zote amezipata, lakini maana imemponyoka. Ndiyo sababu husema, “Nasikia, ila sielewi,” na ndiyo sababu wanaompigia kelele sikioni hawamsaidii: kelele huongeza zile irabu alizokwisha kuzisikia.

Kutokana na hali hiyo, kifaa kizuri hakikuzi kila sauti kwa kipimo kimoja. Hukuza zaidi zile sauti ambazo sikio lile, la mtu yule, limezipoteza, na huacha nyingine karibu zilivyo. Kiasi cha kukuza hukokotolewa kutokana na mchoro uitwao audiogramu, unaoonyesha sauti hafifu kabisa ambayo kila sikio linaweza kuitambua, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Kipimo hicho huandikwa kwa desibeli. Kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani, sikio linaloanza kusikia kabla ya desibeli 20 huhesabiwa kuwa zima. Kuanzia 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo. 35 hadi chini ya 50 ni wa kati. Na kuanzia 65 upungufu huitwa mkubwa. Kununua kifaa bila audiogramu ni sawa na kuvaa miwani ya jirani. Huenda ikakufaa kwa bahati, lakini hakuna mtu makini anayejenga huduma ya afya juu ya bahati.

Yapo pia mashine madogo ya bei nafuu ya kukuzia sauti, yanayouzwa barabarani na mitandaoni kwa picha za kuvutia. Mengi hukuza kila kitu kwa pamoja, mngurumo wa bodaboda pamoja na maneno ya mjukuu, na mengine hayana kikomo cha kuzuia sauti kubwa isiumize sikio. Marekani iliruhusu rasmi tangu Oktoba 2022 baadhi ya vifaa vya usikivu kuuzwa bila cheti cha mtaalamu, na wauzaji wengine hulitaja jambo hilo kama kibali cha kuuza chochote kwa yeyote. Ruhusa ile inahusu watu wazima wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wenye upungufu mdogo hadi wa kati, na vifaa vyenyewe vimewekewa kikomo cha sauti. Haimhusu mtoto, wala mtu mwenye upungufu mkubwa.

Safari ya kliniki inavyopaswa kuwa

Huduma ya kweli huanza kwa maswali kabla ya mashine. Tatizo lilianza lini, ghafla au polepole? Ni sikio moja au yote mawili? Umewahi kutumia dawa za sindano kama gentamaisini au amikasini, au kwinini kwa wingi? Dawa hizi zimeokoa maisha ya watu wengi na hatusemi zikataliwe, lakini zina sifa ya kuweza kudhuru usikivu, na mpimaji anapaswa kujua. Umefanya kazi gani? Fundi wa kuchomelea vyuma, mwendesha mashine ya kusaga na mpiga muziki wa dansi wana historia ambayo masikio yao hayaisahau.

Kisha sikio huchunguliwa kwa taa. Hatua hii huchukua dakika mbili, na inashangaza mara ngapi hurukwa. Nta iliyosongamana peke yake inaweza kumfanya mtu asisikie, na kuiondoa ni nafuu mara nyingi kuliko kifaa chochote. Hapa tuseme pia lililo wajibu wetu kusema: njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku na pamba ya kijiti haviondoi nta, huisukuma ndani, na wakati mwingine hutoboa ngoma ya sikio.

Yapo mambo ambayo mpimaji mwaminifu akiyaona husimamisha kazi na kukupeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya kuzungumzia kifaa: usaha au damu kutoka sikioni, maumivu, kizunguzungu, upungufu wa upande mmoja tu, na usikivu uliopotea ghafla ndani ya saa au siku chache. Hili la mwisho ni dharura. Tiba yake ina nafasi nzuri zaidi ikianza mapema, ndani ya siku chache, na anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo aje mwezi ujao kuchukua kifaa anampotezea nafasi hiyo.

Upimaji wenyewe hufanyika mahali pa kimya, penye chumba au kibanda kisichopitisha sauti. Kipimo kilichofanyika nyuma ya duka, feni ikizunguka na matangazo ya mnada yakisikika nje, hakistahili jina hilo. Mashine ya kupimia nayo hurekebishwa na kuhakikiwa kwa vipindi, kwa kawaida kila mwaka, na huwekewa kibandiko au cheti cha tarehe. Una haki ya kuuliza tarehe hiyo. Usione haya, mizani ya muuza nyama huulizwa muhuri, sembuse mashine inayopima masikio.

Baada ya kupimwa, uelezwe matokeo kwa lugha unayoielewa, na upewe nakala ya audiogramu yako. Mchoro huo unahusu mwili wako na unaweza kwenda nao kwingine kutafuta maoni ya pili. Kliniki inayoshikilia audiogramu ili mteja asilinganishe bei imekwisha kujieleza yenyewe.

Siku ya kuvalishwa kifaa ndipo tofauti kati ya mtaalamu na muuzaji inapojitokeza zaidi. Programu ya kompyuta hutoa makadirio ya namna kifaa kitakavyokuza sauti, lakini makadirio hayo yanatokana na sikio la wastani, na hakuna mtu mwenye sikio la wastani. Njia ya kuhakikisha ni kuingiza kijibomba chembamba chenye maikrofoni sikioni, kando ya kifaa, na kupima sauti inayofika kweli karibu na ngoma. Kazi hiyo haiumi na haichukui muda mrefu. Miongozo ya kitaaluma ya Marekani na Uingereza imeipendekeza kwa miaka mingi, na hata huko bado haifanyiki kila mahali. Kliniki isipokuwa na mashine hiyo, mtaalamu angalau akujaribu kwa kipaza sauti na kwa maneno, akilinganisha ulivyosikia bila kifaa na ukiwa nacho, na aandike alichokipata. Akikuuliza tu, “Unasikia sasa?” naye amekaa hatua moja mbele yako akikutazama usoni, utajibu ndiyo. Kila mtu hujibu ndiyo.

Kisha kuna marudio. Ubongo uliokaa miaka bila sauti nyembamba huziona sauti hizo kuwa ngeni zinaporejea: sahani zinagongana mno, karatasi inakwaruza, hata sauti ya mwenyewe inaonekana kutoka ndani ya pipa. Kuzoea huchukua majuma kadhaa, na kifaa huhitaji kurekebishwa zaidi ya mara moja. Mtu asiyeitwa kurudi hukata tamaa katika kipindi hiki hiki, na kwa maoni yetu vifaa vingi vinavyolala kabatini havikuharibika; vilikosa miadi ya pili.

Unataka kumsikia nani?

Huduma inayomweka mgonjwa mbele ni maneno ambayo siku hizi hubandikwa ukutani kwenye kila kituo cha afya. Katika huduma ya usikivu yana maana inayoweza kukaguliwa. Mwaka 1997 watafiti wa National Acoustic Laboratories ya Australia walichapisha dodoso fupi liitwalo COSI. Kabla ya kuchagua kifaa, mgonjwa hutaja mwenyewe hali zisizozidi tano ambazo angependa kusikia vizuri zaidi, akizipanga kwa umuhimu. Baada ya majuma kadhaa huulizwa juu ya hali hizo hizo: je, pamekuwa na nafuu, na kwa kiasi gani? Mafanikio hupimwa kwa maisha ya mtu. Mchoro peke yake hautoshi.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu aliyeletwa kliniki na binti yake. Mpimaji wa kwanza humgeukia binti na kumuuliza, “Mama anasumbuliwa na nini?” Mama mwenyewe yuko pale, ameketi, na mazungumzo yote yanapita juu ya kichwa chake. Hatimaye huchaguliwa kifaa cha kukaa ndani kabisa ya sikio, kisichoonekana, kwa kuwa binti anaona ni cha heshima zaidi.

Mpimaji wa pili huvuta kiti, huketi mbele ya mama penye mwanga, humwamkia, na kusema polepole bila kupaza sauti: “Mwalimu, ni wapi hasa ungependa kusikia vizuri zaidi?” Mama huwaza, kisha hujibu kwamba televisheni haimshughulishi. Anataka kuwasikia wenzake kwenye kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, maana juzi walipitisha jambo naye akaitikia bila kuelewa. Anataka pia kumsikia mjukuu wake wa miaka minne kwenye simu. Halafu anaongeza kwamba vidole vyake vina ugonjwa wa viungo na hawezi kushika vitu vidogo sana.

Maneno hayo machache yamebadilisha ushauri wote. Kikao cha watu wengi kinahitaji kifaa chenye maikrofoni za kuelekea mbele, na masikio mawili badala ya moja, iwapo yote mawili yana upungufu na uwezo unaruhusu. Simu inahitaji mpangilio wake. Vidole vinahitaji kifaa cha nyuma ya sikio, kikubwa kidogo, chenye betri inayoshikika au kinachochajiwa. Kile kifaa kisichoonekana kingekuwa cha bei kubwa zaidi, na kingemfaa kidogo kuliko vyote. Binti naye hakupuuzwa: alifundishwa kusema akiwa ametazamana na mama yake, kuzima redio kwanza, na kutozungumza naye kutoka jikoni.

Kiongozi wa huduma ni nani?

Taaluma ya usikivu ina mvutano wa kuzaliwa nao, na ni haki mlaji aujue. Mtu anayekushauri kama unahitaji kifaa mara nyingi ndiye anayekiuza. Daktari hakuuzii kitanda cha hospitali. Mpimaji wa usikivu hukuuzia kifaa, na pengine hulipwa kamisheni kwa kila kinachotoka.

Taaluma hii, audiologia, ilipata sura yake ya sasa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale hospitali za jeshi la Marekani zilipopokea askari waliopoteza usikivu. Raymond Carhart, anayetajwa na wengi kama baba wa taaluma hii, aliongoza kazi hiyo katika hospitali ya Deshon, jimbo la Pennsylvania. Askari walipimwa, wakajaribishwa vifaa, wakafundishwa kusoma midomo na kuzoea sauti upya. Hakuna aliyekuwa akiwauzia chochote. Baada ya vita, chama cha kitaaluma cha Marekani kiliendelea kuwakataza wanachama wake kuuza vifaa kwa faida, katazo lililodumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha likaondolewa. Waliolitetea walisema linalinda uadilifu. Waliolipinga walisema lilimwacha mgonjwa mikononi mwa wauzaji wasio na elimu, huku wenye elimu wakitazama kwa mbali. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Uingereza ilipita njia nyingine. Sheria ya mwaka 1968 iliunda baraza la kusajili wauzaji wa vifaa vya usikivu na kuwawekea kanuni za mwenendo, na mwaka 2010 kazi hiyo ilihamishiwa kwa msajili wa taaluma za afya, pamoja na taaluma nyingine. Tangu hapo anayemuuzia mtu kifaa ni mtaalamu wa afya mwenye namba ya usajili inayoweza kufutwa, na mgonjwa yeyote anaweza kulitafuta jina lake katika daftari.

Uongozi wa kitaaluma tunaouzungumzia ndio huo, na hauhusiani na cheo wala ofisi yenye kiyoyozi. Katika kila kituo kinachopima masikio anapaswa kuwapo mtaalamu mmoja aliyesajiliwa ambaye viwango ni jukumu lake. Yeye ndiye anayehakikisha mashine imerekebishwa, anayewasimamia wasaidizi, anayepitia mafaili ya wagonjwa ambao hawakurudi na kuuliza kwa nini, na anayeweza kumwambia mwenye duka, “Mgonjwa huyu hahitaji kifaa, anahitaji daktari,” bila kuhofia kibarua chake. Jambo hilo la mwisho ni gumu kuliko yote. Kiongozi asiyeweza kulisema si kiongozi wa kitaaluma, hata kama jina lake limeandikwa mlangoni kwa herufi za dhahabu.

Kwetu Tanzania wataalamu hawa ni wachache. Hatuko peke yetu: ripoti ile ile ya mwaka 2021 inaonyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini, takriban 93 kati ya kila 100 zina mtaalamu wa audiologia chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Uwezo umekua, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio mwaka 2017, upasuaji ambao awali ulimlazimu mgonjwa kusafiri hadi nje ya nchi, hasa India. Lakini mkazi wa wilayani bado hupimwa, kama akipimwa, na muuguzi au tabibu aliyepewa mafunzo mafupi. Hatulioni hilo kuwa kosa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendekeza kazi zigawanywe namna hiyo mahali ambapo wataalamu ni haba. Sharti ni kwamba msaidizi awe na mtu wa kumpelekea mashaka yake, na mgonjwa aambiwe waziwazi: aliyekupima ni msaidizi, na msimamizi wake ni fulani. Uchache wa wataalamu unafanya usimamizi uwe muhimu zaidi, kwa kuwa kosa moja likifundishwa kwa wasaidizi kumi linawafikia wagonjwa mamia.

Basi ukifika kliniki uliza mambo matatu, kwa adabu na bila kunong’ona. Nani ananipima, na amesajiliwa wapi? Nani anamsimamia? Je, analipwa zaidi nikinunua? Jibu la swali la tatu laweza kuwa ndiyo, na si lazima uondoke kwa sababu hiyo. Anayekujibu kwa uwazi anastahili kuaminiwa kuliko anayekasirika.

Fedha na karatasi

Bei ya kifaa cha usikivu hutofautiana sana, na familia nyingi hulazimika kuchangishana. Kabla ya kulipa, omba mchanganuo wa maandishi: kifaa kiasi gani, kizibo cha sikio kilichofinyangwa kwa umbo lako kiasi gani, upimaji, marudio, betri. Bei moja ya jumla si kosa, mradi iandikwe imebeba nini na kwa muda gani. Tumeona stakabadhi iliyosema “mashine ya sikio” na tarakimu, basi. Hakuna aina, hakuna namba ya kifaa, hakuna dhamana. Karatasi kama hiyo humsaidia muuzaji peke yake.

Omba pia kipindi cha majaribio, na masharti yake yawe kwenye maandishi: siku ngapi, fedha kiasi gani hurudishwa, na kipi hakirudishwi. Kizibo kilichofinyangwa kwa sikio lako hakiwezi kuuzwa kwa mwingine, kwa hiyo ni haki gharama yake isirudi. Kifaa chenyewe ni habari nyingine.

Vifaa tiba viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina vyombo vyake. Upande wa biashara, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji na inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Ndiyo maana tunasisitiza yale mahitaji yako matano yaandikwe kwenye faili na upewe nakala. Ukisema kwa mdomo kwamba unataka kusikia kikaoni, neno hupotea. Likiandikwa, limekuwa kipimo cha bidhaa. Yale maandishi ya ukutani yasemayo mali ikishauzwa hairudishwi hayamkingi muuzaji aliyetoa kifaa kisichofaa.

Mtoto haongoji

Mtu mzima aliyechelewa mwaka mmoja amepoteza mwaka. Mtoto mchanga aliyechelewa mwaka mmoja amepoteza zaidi ya hapo, kwa sababu miaka ya kwanza ndiyo ubongo unapojenga lugha, iwe ya kusemwa au ya alama. Utaratibu unaofuatwa na nchi zenye upimaji wa watoto wachanga ni huu: kuchunguzwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na kuanza kusaidiwa kabla ya miezi sita. Mahali pengi kwetu hatujaufikia. Mzazi akiona mtoto hashtuki kwa kishindo, au ametimiza mwaka bila kugeuka akiitwa jina, asikubali kuambiwa kwamba watoto wengine huchelewa tu, au kwamba wa kiume huchelewa zaidi. Aombe rufaa, na akinyimwa aombe sababu kwa maandishi. Mtoto pia hukua, na sikio lake hukua. Kizibo kilichomkaa Januari kinaweza kuvuja sauti kabla ya mwaka kwisha, na anayemhudumia anapaswa kuwa amekwisha kuwaambia wazazi hivyo siku ya kwanza.

Huduma isipokwenda sawa

Rudi kwanza kwa aliyekuhudumia, kwa kuwa matatizo mengi humalizikia hapo. Kifaa kikipiga mluzi, huenda kizibo hakijakaa. Kikiwa kimya, jaribu betri mpya. Betri za zinki huanza kutumika pindi kibandiko chake kinapobanduliwa, hata kifaa kikiwa kimezimwa, kwa hiyo usibandue za akiba. Katika miji ya pwani jasho na unyevu huua vifaa kuliko uzee. Usiku kifaa kilazwe kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha, mlango wa betri ukiwa wazi.

Tatizo likibaki, mwombe msimamizi wa kitaaluma wa kituo, kwa jina, apitie faili lako. Andika barua fupi: tarehe ya kupimwa, aliyekupima, kifaa ulichopewa na namba yake, mahitaji uliyoyataja, na ni lipi kati yake halikutimia. Ambatisha nakala ya audiogramu na stakabadhi. Kituo kisipojibu, peleka nakala hizo hizo kwenye chombo kinachohusika: suala la bei, dhamana au tangazo la uongo kwa chombo cha kumlinda mlaji, la ubora wa kifaa kwa msimamizi wa vifaa tiba, la mwenendo wa mtaalamu kwa baraza lililomsajili. Usipojua ni lipi, lipeleke kokote kati ya hayo na uombe lielekezwe panapostahili. Asiyeweza kuandika anaweza kufika na kueleza kwa mdomo, na asiyesikia vizuri ana haki ya kuketishwa penye kimya, kuandikiwa maswali, au kuja na mkalimani wa lugha ya alama.